Tabibu wa Dakika za Nyongeza

Alikuwa na tabia ya kubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, aligonga mara mbili, akasubiri kidogo, ndipo akafungua, hata siku ambazo mimi nilikuwa nimetoka mle ndani kufagia na yeye ameniona nikitoka na ufagio. Siku moja nilimuuliza anamwogopa nani. Akanijibu kwamba chumba kile si chake, amekiazima, na mtu haingii ovyo kwenye kitu cha kuazima. Nikacheka, nikidhani ni utani wa kizee. Kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi chini yake pale zahanati, huku juu kijijini Akheri, nilikuja kuelewa kwamba kuhusu jambo hilo hakuwa anatania.

Wagonjwa walimwita Daktari. Yeye aliwakatalia mmoja mmoja, kila siku, bila kuchoka. "Daktari yuko mjini. Mimi ni tabibu." Basi na sisi tukamwita Tabibu, na mimi muuguzi wake akaniita Sista, na kwa majina hayo mawili tulifanya kazi, tukagombana, tukapatana.

Nieleze jambo moja mapema, maana bila hilo mtu huyu haeleweki. Tabibu alikuwa na cheti cha zamani, cheti cha wale waliosomea miaka michache na kupelekwa vijijini wakati ambapo daktari alikuwa mtu wa kusikika redioni tu. Baadaye sheria inayosimamia taaluma yetu ikaandikwa upya. Ikataka kila anayetibu awe na stashahada na leseni. Watu wa cheti cha zamani wakapewa muda wa mpito, wakasome, na muda ukiisha asiyesoma aweke vifaa chini. Muda ukaisha, na vijiji vikawa bado havina mtu mwingine, kwa hiyo ukaongezwa. Ukaisha tena, ukaongezwa tena. Kila nyongeza ilikuja na barua yenye mhuri, na kila barua ilikuwa na tarehe yake ya mwisho.

Tabibu aliishi kwa barua hizo. "Mimi, Sista, nacheza dakika za nyongeza," alikuwa akisema, akinawa mikono kwa sabuni ya mche. "Refa akitazama saa, mimi natazama mlango." Barua zote alizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya sheria yenyewe, na ile sheria aliisoma mpaka kurasa zikalegea. Alijua kifungu gani kinamruhusu na neno gani ndani yake linaweza kumfukuza. Sijamwona mtu mwingine aliyeiheshimu kiasi kile sheria ambayo haikumtaka.

Mikono yake ndiyo watu waliyoifuata. Alikuwa na vidole vifupi, vinene, vya mtu aliyelima sana utotoni, lakini akivitua kwenye tumbo la mtoto anayelia, mtoto ananyamaza kumwangalia. Alivipasha joto kwanza vile vidole kwa kuvisugua kwenye koti, maana Akheri mwezi wa saba kuna baridi ya kukunja watu. Alihesabu mapigo huku amefumba macho. Dozi za watoto alizikokotoa kichwani kwa kuwabeba tu mkononi, kisha tukiweka mtoto kwenye mizani, mizani inamkubalia.

Swali lake la kwanza kwa mgonjwa halikuwa unaumwa wapi. Aliuliza, "Jana jioni ulikula nini, na ulikula na nani?" Hiyo "na nani" niliiona ya umbea mpaka alipokuja mama mmoja wa tumbo lisilopona. Mara tatu alikuja, na mara zote tatu alijibu kwamba amekula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, peke yake. Mara ya tatu Tabibu aliweka kalamu chini, akamwambia hana dawa ya kumpa wiki ile ila arudi na mume wake. Walikuja wote wawili. Walikaa mle ndani saa nzima mlango umefungwa, foleni nje inanung'unika, na sikuwahi kuambiwa kilichosemwa. Yule mama hakurudi tena na tumbo.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa pamba kupita maelezo. Donge moja la pamba aliligawa mara nne, na mimi nikitumia donge zima ananitazama kama nimemwaga maziwa. Wagonjwa waliochelewa kuja aliwasema mbele za watu. "Umekuja kunionyesha ugonjwa au kuniaga?" Kanisani aliimba sauti ya nne kwa nguvu zote na hakuipata hata siku moja, na mwalimu wa kwaya, ambaye watoto wake wote walitibiwa na Tabibu, hakuwa na ujasiri wa kumtoa. Halafu aliogopa sindano. Yeye aliyechoma nusu ya Akheri, siku alipojikata na panga akivuna ndizi na ikabidi nimchome ya pepopunda, aligeuza uso ukutani akashika aproni yangu kwa mkono mwingine, akanisihi nimwambie kabla. Nilimwambia kabla. Alipiga kelele hata hivyo.

Lakini jambo lililopingana zaidi ndani yake lilikuwa shule. Alimkemea kila kijana aliyeacha masomo. Mimi mwenyewe nilikwenda kujiendeleza kwa sababu yake, alinisumbua mwaka mzima mpaka nikajaza fomu ili nipumzike na maneno yake. Daktari kijana aliyepangiwa kwetu kwa miezi michache alimheshimu licha ya cheti chake, na alikuwa akimwacha mgonjwa chumbani kuja kumuuliza Tabibu, kwa sauti ya chini, yeye angefanyaje. Na huyo Tabibu mwenyewe hakwenda kusoma. Watu walisema ni kiburi. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Mchana mmoja nilifungua chumba cha kufungia vidonda, nikamkuta amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, miwani puani, na kitabu kilichojaladiwa kwa gazeti. Kilikuwa kitabu cha hesabu cha kidato cha pili. Ili akubaliwe chuoni ilibidi awe na cheti cha kidato cha nne chenye hesabu, na hesabu alikuwa amezifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea mara mbili na kufeli mara mbili, bila kumwambia mtu. Alifunga kitabu polepole. "Sista," akasema, "mtoto wa kilo tisa najua anataka nini. Hii eksi sijui inataka nini." Nilijitolea kumsaidia. Tulifanya wiki chache, saa ya chakula, kisha tukaacha kimyakimya wote wawili, kwa sababu aliona aibu kufundishwa na mimi na mimi niliona aibu kumfundisha. Nimejilaumu kwa hilo pia, ingawa silo kubwa.

Kulikuwa na sababu ya yeye kuiogopa tarehe. Mwenzake aliyesoma naye, mtu wa cheti kama chake, alikuwa akitibu kijiji kimoja upande wa pili wa mlima. Barua yake ilipopita tarehe, aliendelea kutibu wiki mbili akijua nyongeza iko njiani. Mgonjwa mmoja akaharibikiwa, ndugu wakalalamika, na mzee yule akapandishwa kwenye gari la polisi mbele ya watu aliowazalisha, wengine wakimpiga picha kwa simu na kumwita daktari feki. Aliachiwa baada ya siku chache. Tabibu alikwenda kumwona, na aliporudi hakula mchana ule. Aliniambia jambo moja tu. "Kufa siogopi. Kuitwa vile naogopa."

Tangu siku hiyo akajiwekea utaratibu. Siku barua inapoisha, saa tisa na nusu anavua koti, analikunja, analiweka juu ya meza, na hamgusi mgonjwa mpaka aione nyongeza kwa macho yake, na mhuri, na sahihi. Kuambiwa kwa simu hakukubali. Picha ya kutumiwa kwenye simu hakukubali. Mara zote mbili zilizotangulia barua ilikuja kabla ya siku, kwa hiyo koti halikuwahi kulala mezani.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliandikia.

Muda ule ulikuwa unaisha Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo mimi nilishuka mjini kupeleka taarifa za mwezi, na Tabibu aliniagiza nipitie ofisini kuulizia barua ya nyongeza. Barua ilikuwa imetoka. Karani alinisainisha kwenye daftari, akagonga mhuri wa tarehe juu ya bahasha, akanipa. Niliitia kwenye pochi yangu nikiwa na furaha, nawaambia ukweli, nilifurahi kwa ajili yake.

Lakini Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, kule Moshono. Nilikuwa kwenye kamati ya chakula, na mama alikuwa amenipigia mara mbili kuuliza nimefika wapi. Tabibu alipopiga jioni kuuliza kama barua imetoka, nilijua nikisema ndiyo atataka niipeleke Akheri saa ile ile, hatalala asipoiona. Kutoka mjini kupanda kule na kurudi Moshono, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikaona wikiendi ni siku mbili tu, nani atakufa.

Nikamwambia, "Bado, Tabibu. Labda Jumatatu."

Akasema, "Sawa, Sista. Wasalimie wote." Akakata.

Kulikuwa na dada mmoja muuza parachichi, mtoto wa pekee wa mama yake, ambaye Tabibu alikuwa amemtibu pumu tangu akiwa msichana wa shule. Kila mtu Akheri alijua utaratibu wao. Kifua kikibana, anakwenda kwa Tabibu, hata Jumapili, anachomwa, anakaa kwenye benchi nusu saa, anarudi kwenye parachichi zake. Jumamosi ile saa tisa alasiri kifua kilibana. Mama yake alimleta mpaka nyumbani kwa Tabibu, jirani na zahanati.

Tabibu alinipigia simu. Alipiga mara tatu. Mimi nilikuwa saluni, kichwa ndani ya draya, pochi imening'inia kwenye msumari ukutani, na ndani yake simu na barua vimelala pamoja.

Hakumchoma. Sindano ilikuwa kabatini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na hakumchoma. Alimwambia mama mtu kwamba yeye leo si tabibu, akaita bodaboda, akapanda nyuma ya yule dada mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, akimshika asianguke, ili wawahi hospitali. Njia ilikuwa tope tupu. Alimfia mikononi kabla hawajafika kwenye lami ya Tengeru.

Jumatatu nilipeleka barua. Niliipitisha kwake mezani bila kumwangalia. Koti lilikuwa bado limekunjwa pale pale. Aliisoma bahasha kwanza, mbele na nyuma, akaifungua, akaisoma barua yote mpaka sahihi, akairudisha ndani. "Asante, Sista," akasema. Halafu akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nyingine, akaniachia funguo, akaondoka. Sheria ilimwongezea muda, yeye hakuuchukua.

Maneno ya watu nisiyarudie yote. Walisema aliogopa karatasi kuliko Mungu. Walisema yeye, mzee wa kanisa, amemwacha mtoto wa watu afe akiwa na dawa ndani. Msibani alikaa nyuma kabisa, peke yake, watu wameacha viti viwili kila upande, na mimi nilikuwa mbele nimemshika mama wa marehemu, nimemfunga kanga kiunoni, nampepea, nasifiwa kwa moyo wangu. Ningeweza kusimama. Sentensi moja ingetosha. Nilirudi nyumbani na sentensi yangu.

Baada ya hapo alihamia upande wa Momela, alikokuwa na kishamba na mbuzi wachache. Zahanati ikaletewa mtaalamu mwenye stashahada, kijana mzuri, sina la kumsema. Mama wa marehemu akaanza kuja kwangu kila mwezi kupima presha, ambayo haikuwepo kabla ya msiba. Nilimpima, nikamwandikia kadi, nikamuuliza jana amekula nini. Sikuthubutu kumuuliza na nani.

Mwaka huu nilisikia Tabibu anaumwa kifua na hataki kwenda hospitali. Nikachukua siku moja ya likizo. Asubuhi, kabla ya kutoka, nilikata jani la isale kwenye uzio wa shamba la baba. Tabibu alikuwa Mchaga wa Machame, na kwao, kama ilivyo kwetu Wameru, mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea isale, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa bila kumsikiliza. Nililiweka kwenye mfuko wa mashine ya presha.

Nilimkuta amekaa juani na kofia ya sufu, amekonda, shati limekuwa kubwa.

"Shikamoo Tabibu."

"Marahaba, Sista. Umenenepa. Vizuri." Akautazama mkoba wangu. "Umekuja kunipima au kunitazama?"

"Kukupima."

Akanyoosha mkono. Nilimfunga kitambaa cha mashine, nikajaza hewa, na hewa ilipokuwa inatoka nikaanza kusema, kwa sababu nilijua mtu hawezi kuondoka akiwa amefungwa. Nilimwambia barua nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Nilimwambia kuhusu sendofu, saluni, simu tatu. Nilimwambia kuhusu msibani. Nililia vibaya, kamasi na yote. Alinisubiri. Nilipomaliza nikatoa lile jani, nikampa kwa mikono miwili.

Hakunyoosha mkono.

"Mhuri ulikuwa na tarehe, Sista," akasema. "Nilijua Jumatatu ile ile."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akaacha watu wamseme yeye.

"Kwa sababu walisema kweli. Sindano ilikuwa kwangu. Wewe ulinidanganya kuhusu barua, hukunishika mkono." Alikohoa muda mrefu, akafuta mdomo. "Ningekutaja, wangetugawana. Wewe kidogo, mimi kidogo, mwishoni hakuna mwenye kosa. Nikaona nibebe langu lote."

"Basi pokea hili, Tabibu. Tafadhali."

"Langu nilishapeleka. Wiki ya pili baada ya msiba nilikwenda kwa yule mama, na majani mawili. Akaniuliza la kwanza ni la nani, nikamwambia langu, akalipokea. Alikaa nalo muda mrefu, lakini alilipokea. Akaniuliza la pili."

Niliirudisha mikono yangu na jani.

"Nikamwambia mwenyewe atakuja. Akasema basi hilo urudi nalo, mwenyewe alete lake kwa mkono wake, nitamngoja." Akafungua mwenyewe kitambaa cha mashine, akakikunja vizuri kama alivyokuwa akinifundisha nikiwa mgeni wa kazi, akanirudishia. "Anangoja, Sista. Jina sikumtajia. Mimi hili jani lako silichukui, nikilichukua utarudi nyumbani ukalale, na yule mama atabaki anangoja."

Nilimwomba angalau akubali nimpeleke hospitali. Akasema nianze na ile safari nyingine, hii ya kwake tutaizungumza nikirudi. Sikuwahi kurudi kuizungumza; alifariki wiki ile ile, na mfuko wake wa plastiki tuliuzika naye, kwa maagizo yake.

Lakini siku hiyo niliondoka Momela mchana na sikupitia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka Akheri, kwenye nyumba ya yule mama. Alikuwa uani anaanika mahindi kwenye turubai. Aliniona kwa mbali akatabasamu, akaanza kufuta mikono, akisema Sista karibu, leo umenifuata presha mpaka nyumbani. Ndipo akaona nilichoshika.

Alilitazama jani kwanza, muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akavuta kigoda, akaketi yeye, na mimi akaniacha nimesimama.